Vifuu Viwili vya Bi Mwanasaumu

Yule jini nilimtengeneza mwenyewe, kwa vifuu viwili vya nazi, siku ya Jumanne, nikiwa na njaa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye kama nilijua ni uongo. Nilijua. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Mimi ni Rashad, wa Mtongwe, hapa Likoni. Kidato cha nne nilimaliza na alama ambazo mama huzitaja kwa sauti ya chini, na tangu hapo najitolea Mkwaju FM, redio ndogo ya mtaa iliyo chumba kimoja juu ya duka la rangi. Kujitolea maana yake ni kufanya kazi na kulipwa chai. Jumanne hiyo daktari aliyekuwa aje kuzungumzia meno hakutokea. Faraj, mkubwa wetu, akaniambia, "Jaza dakika kumi. Sema chochote, bora usitukane mtu."

Sikutukana mtu. Nilimzua Bibi wa Saa Tisa. Ni mwanamke apitaye milangoni saa tisa alasiri, jua likichoma na watu wamelala, akiomba maji. Ukimpa, mtoto wa nyumba ile hushikwa na homa. Na hatua zake si za miguu ya binadamu. Hapo nikatoa vifuu viwili nilivyookota kwenye taka za Bi Mwanasaumu, muuza mahamri, nikavigonga mezani mbele ya maikrofoni, polepole: ko... ko... ko. Faraj alicheka hadi akamwaga chai, chai ambayo ndiyo iliyokuwa mshahara wangu.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa huyo Bi Mwanasaumu kununua mbaazi na mahamri. Mtongwe nzima hupitia kwake kabla ya kwenda popote. Bi Mwanasaumu akisema fulani ameposwa, hata fulani mwenyewe huanza kujiandaa.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba. Mamako yu mzima? Mwambie saa tisa afunge mlango. Yule jini yuko mtaani."

Nikauma shavu nisicheke. "Umemsikia redioni, Bi?"

"Redio gani? Yangu imekufa tangu Ramadhani. Nimemwona! Kwa macho yangu haya. Mguu wa kushoto waburura, na akicheka, jino la fedha hilo, lang'ara kama sufuria mpya."

Watu watatu waliokuwa kwenye foleni wakasema astaghfirullahi kwa pamoja. Mimi hamu ya kucheka ikaniisha. Mguu wa kushoto sikuutaja redioni. Jino sikulitaja. Nilitunga uongo usio na uso, na siku tatu baadaye umenirudia una meno. Nilitembea hadi nyumbani nikitazama nyuma, asubuhi kweupe, kijana mzima mwenye ndevu kumi na mbili.

Jumamosi nilibaki nyumbani peke yangu. Mama alikuwa arusini Shanzu, dada yangu Swabra yuko maktaba ya chuo. Saa tisa, sina haja ya kusema ilikuwa saa tisa, nikasikia kwenye ujia wa saruji nje ya chumba chetu:

Ko... ko... ko.

"Hodi."

Nilifungua kidogo, kadiri ya jicho. Mwanamke, kitenge cha kijani, ndoo ya njano mkononi.

"Kaka, sabuni ya maji? Kama huna pesa leo, nisaidie maji ya kunywa tu. Koo limekauka."

Akatabasamu. Jino la fedha likawaka juani.

Nikabamiza mlango. Nikatia komeo, nikavuta kochi, nikakaa juu ya kochi nikasoma sura zote nizijuazo, na moja nikaisoma mara mbili kwa kuwa nilisahau mwisho wake. Nje akasema, taratibu, kama mtu anayezungumza na mtoto, "Haya basi, kaka." Ko... ko... ko, akaenda zake.

Nilipopata ujasiri wa kuchungulia dirishani, alikuwa anakata kona. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa na soli nene ya mbao, ya kuusaidia mguu mfupi. Huyo alikuwa Mueni, mpangaji wa nyumba ya nyuma yetu, mwezi wa pili sasa, aliyeugua polio utotoni. Namjua. Sabuni yake iko bafuni kwetu. Na kiu yake nimeifungia mlango mimi, mwenye kutunga, kwa kumwogopa jini niliyemtunga.

Hofu ya kwanza ikaondoka, ikaja nyingine kubwa kuliko ile. Ikiwa mimi nimebamiza mlango, wengine watafanya nini?

Swabra aliporudi jioni alinikuta bado juu ya kochi.

"Nimeua mtu," nikamwambia.

"Lini?"

"Bado."

Nikamweleza yote. Swabra anasomea diploma ya mawasiliano, na mimi humtania kwamba anafundishwa kuongea kwa ada. Siku hiyo sikumtania.

"Zamani," akasema, "wataalamu waliamini redio ni kama sindano. Mtangazaji anadunga, dawa inawaingia wasikilizaji wote sawasawa. Wengine waliiita risasi."

"Kwa hiyo nimewadunga."

"Hebu sikiliza. Mwaka wa 1940 huko Marekani, kabla ya uchaguzi, watafiti walikwenda wilaya moja wakawa wanawauliza wapiga kura walewale mara kwa mara, miezi kadhaa. Wakitafuta hiyo sindano. Wakakuta wengi wanashawishiwa na watu: jirani, shemeji, yule anayefuatilia habari na kuaminika. Neno linatoka redioni linaingia kwa wachache, na hao wachache ndio wanaolifikisha kwa wengine. Hatua mbili."

"Ko, ko," nikasema.

Hakucheka. Na Jumapili akachukua fomu zake za utafiti wa chuo, akapita nyumba thelathini za mtaa wetu, akauliza kila nyumba ilimjuaje Bibi wa Saa Tisa. Nyumba tatu hazijui lolote. Nne zilisikia redioni. Ishirini na tatu ziliambiwa na Bi Mwanasaumu, au na mtu aliyetoka kununua mahamri kwake.

"Ona hapa," Swabra akanionyesha kwa kalamu. "Hawa sita wanasema waliambiwa, kisha chini yake wamejaza kwamba wamemwona."

Usiku ule nililala na taa.

Jumatatu, saa nane mchana, natoka dukani na kiberiti, nikamwona Hashim amesimama kwenye kona ya ujia wetu na vijana kama wanane. Hashim ni mwendesha bodaboda, mtu mpole, mtu wa kukubeba bure mvua ikinyesha. Leo macho yalikuwa mekundu. Pembeni ya pikipiki yake palikuwa na tairi kuukuu na chupa ya petroli ya lita moja.

"Hashim, vipi?"

"Lamis ana homa tangu jana. Anaweweseka, hamtambui mamake." Lamis ni bintiye, ana miaka minne. "Jumamosi yule mwanamke wa sabuni alipita kwangu. Mke wangu akampa maji. Kikombe kizima, Rashad. Saa tisa."

"Mtoto mpelekeni hospitali."

"Mamake amempeleka. Mimi kazi yangu iko hapa. Leo akipita, hapiti."

Nilitazama lile tairi.

"Hashim, wallahi, ni mimi. Nilimtunga mimi. Redioni, Jumanne, kwa vifuu!"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha zaidi. "Amekutisha? Alikuja kwenu pia, sivyo? Ulifunga mlango, watu walikuona."

"Nilifunga kwa ujinga!"

"Kwa hiyo Bi Mwanasaumu ni mwongo?" kijana mmoja akauliza. "Amemwona kwa macho yake. Wewe na Bi Mwanasaumu, tumsikilize nani?"

Swali zuri. Nilikuwa nimewadanganya watu hawa tangu utotoni kwa ajili ya kuchekesha. Niliwahi kuwaambia kivuko kinahamishiwa Jomvu Kuu, wakawanunulia soda waliokuwa wakihuzunika. Siku ninayosema kweli, ni mzaha mwingine wa Rashad.

Nikakimbia kuelekea Mkwaju FM. Nitakamata maikrofoni, nitakiri, nitalia hewani ikibidi. Nilifika kwenye ngazi za duka la rangi, mguu mmoja juu, nikakumbuka fomu za Swabra. Nyumba nne. Nyumba nne kati ya thelathini, na Hashim hana hata redio. Ningekiri kwa mabati. Nikageuka. Ilikuwa saa nane na nusu.

Bi Mwanasaumu alikuwa uani, amekalia mbuzi anakuna nazi za kesho.

"Bi, kuna watu wana petroli. Wanamngoja Mueni. Waambie hukumwona jini."

Mikono ikasimama. "Mueni yupi?"

"Wa sabuni. Mguu wa kushoto. Jino la fedha."

Nikamwona anaelewa. Uso wake ulizeeka mbele yangu. Kisha ukafunga.

"Mimi sikutaja jina la mtu. Nimesema nilichokiona."

"Hukukiona, Bi."

"Waja kwangu kuniita mwongo? Mimi, niliyekukanda mgongo ulipozaliwa?"

Ningebishana naye hadi magharibi. Nikainama kwenye rundo la taka, nikaokota vifuu viwili, nikatoka nje, nikaurudisha mlango wa ua. Nikavigonga ukutani.

Ko... ko... ko.

Ndani, sufuria ilianguka. Nikamsikia akianza kusoma Ayatul Kursi, sauti inakatika katika kila neno. Niliona haya kumfanyia hivyo mama wa watu, lakini saa ilikuwa inakwenda. Ko... ko. Nikausukuma mlango.

Alikuwa amejibanza ukutani, leso usoni. Akaitelemsha. Akatazama mikono yangu.

"Hivyo ni vifuu vyangu," akasema.

"Ni vyako, Bi. Na Jumanne vilikuwa vyako pia."

Akakaa kitako kwenye sakafu.

"Ummi, mteja wangu, alinisimulia Jumatano," akasema. "Alhamisi nimelala, nikasikia ko ko ujiani. Nikajifunika shuka gubigubi. Asubuhi nikawaambia wateja nimemwona. Wakaniuliza, yukoje? Wote wanitazama, mahamri mikononi. Ikanijia sura moja tu. Mimi nanunua sabuni kwake kila wiki, Rashad. Sikujua ni yake. Wallahi sikujua ni sura yake naisema."

"Basi twende ukaseme hivyo."

"Nitaitwa mwongo hadi kaburini."

"Mueni ataitwa nini, Bi?"

Akanyanyuka, akajitanda leso, akachota maji kwenye mtungi kwa jagi, akachukua kikombe kimoja.

"Njoo na hivyo vifuu," akasema.

Tulipofika kwenye kona walikuwa wameshaongezeka, labda ishirini. Tairi limesimamishwa wima. Kutoka ndani ya ujia, kati ya nyumba na nyumba, ilikuwa inakuja ile sauti.

Ko... ko... ko.

Mueni akatokeza na ndoo yake ya njano. Aliona watu, akaona tairi, akasimama. Tabasamu lilibaki usoni bila kazi. Hashim akainama kuchukua chupa.

"Mueni!" Bi Mwanasaumu akaita. "Njoo mwanangu, njoo unywe maji."

Akapita katikati yao, mwanamke mfupi na jagi, na wakampisha kwa mazoea tu, kama wanavyompisha kwenye foleni. Akamshika Mueni mkono, akamketisha kwenye kizingiti cha mlango wa watu, akakaa karibu yake, bega kwa bega. Akamimina maji. Akanywa nusu. Akampa Mueni, naye akanywa, maji yakimdondokea kifuani. Bi Mwanasaumu akakipokea kikombe kilekile, akamaliza yaliyobaki.

Kisha akawatazama.

"Nilisema nimeona," akasema. "Sikuona. Nilisikia, nikajifunika shuka. Jino nililitia mimi, kwa kuwa mliniuliza. Aliyeona jini na aseme hapa, mbele yangu. Nani?"

Nikawatazama wale sita wa fomu ya Swabra. Wawili walikuwepo. Walitazama viatu vyao.

"Rashad, piga."

Nikapiga vifuu. Ko, ko, ko. Juani, mbele ya watu wote, ilikuwa sauti ndogo na ya kijinga sana.

Hashim akaweka chupa chini. Alinijia pole pole, akanichapa kofi moja ambalo sikio langu bado linalikumbuka, kisha akapanda pikipiki kwenda hospitali kwa bintiye. Lamis alikuwa na malaria. Alipona. Wale wengine waliondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyelichukua lile tairi. Tulilivuta mimi na Swabra hadi jalalani, na mikono ikanuka petroli hadi kesho yake.

Ningependa kusema mambo yalikwisha hapo. Alhamisi saa tisa nilisikia ko ko ujiani, na shingo ikanisisimka vilevile, ingawa najua, ingawa ni mimi. Nikajilazimisha. Nikajaza kikombe maji, nikafungua mlango wote, sio kadiri ya jicho.

"Dada Mueni. Karibu maji."

Alisimama mbali kidogo na kizingiti. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akaitazama kona aliyotoka, kama anayepima umbali wake. Hakunyoosha mkono.

"Kunywa wewe kwanza, kaka," akasema.

Nikanywa.