Ramula Anapika Mbale

Siku moja ya Alhamisi, saa sita na robo mchana, Wahab alimaliza kutengeneza friji ya bucha moja karibu na soko la Mbale, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaenda kutafuta mahali pa kula. Katika kazi yake yote, hili ndilo alilolipenda zaidi. Mafundi wengine wa friji walinunua chapati na mayai wakala wamesimama. Wahab alikula ameketi, polepole, na baada ya kula aliandika.

Alikuwa ameandika hivyo kwa miaka mingi, nyumbani Jinja na kila mahali alikopelekwa na friji za watu. Kuhusu mkahawa mmoja wa kando ya ziwa aliandika kwamba sato alitiwa kwenye mafuta kabla hayajapata moto, akayanywa yote. Kuhusu kuku wa Iganga aliandika kwamba alitembea sana maishani na nyama yake haijasahau. Wali wa Namutumba aliusifu kwa harufu, lakini maharagwe yake, alisema, yalipikwa na mtu aliyekuwa akiwaza jambo jingine. Malewa ya Mbale, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayopikwa kwa karanga, aliyaandikia kurasa mbili. Mara ya kwanza aliyala kwa heshima, mara ya pili kwa hamu.

Kila Jumamosi asubuhi aliyasoma maandishi hayo katika redio moja ya Jinja, kwa nusu saa, kwa Kiswahili. Walioisikiliza ile nusu saa walikuwa madereva wa malori kutoka Kenya, askari, na watu wa Walukuba, hasa Wanubi wenzake ambao babu zao waliletwa na jeshi na lugha ikabaki nyumbani. Hawakuwa wengi, lakini walikuwa watu wanaokula nje. Wahab akisema supu ya mahali fulani ni nzito, wiki iliyofuata watu waliinywa wakiwa wamesimama mlangoni.

Alhamisi hiyo alipita njia ya kwenda Nkoma, akaona mkahawa wa mabati uliopakwa rangi ya kijani, usio na jina. Aliingia akaambiwa kwamba leo kuna bamia kwa nyama ya ng'ombe, na gurusa. Gurusa ni chapati ya maji ya Kinubi, nyembamba kama leso, na Wahab hakuwahi kuikuta Mbale. Aliletewa. Alikata kipande, akachovya, akala. Kisha aliinuka, akaenda jikoni.

Dada yake Ramula alikuwa amesimama mbele ya jiko, akigeuza gurusa kwa vidole. Ramula alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita. Wahab mwenyewe ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

"Dada," Wahab alisema.

"Nyama imebaki," Ramula alisema. "Nikuongeze?"

Wahab alisema aongezwe. Alirudi mezani, akala sahani ya pili.

Mwenye mkahawa alikuwa mzee Odongo, askari magereza mstaafu kutoka kaskazini, na wateja wote walimwita Afande. Aliketi na Wahab, akamweleza bila kuficha. Huyo mama alikuja mwezi wa pili, akaomba kazi. "Mi nikamuuliza, unajua kupika? Akaniambia, mi nimekufa, lakini kupika najua. Nikasema, pika basi tuone." Tangu siku hiyo hakukosa kazi hata mara moja. Alishika sufuria za moto bila kitambaa. Moshi haukumkohoza. Afisa wa afya alipokuja kutazama vyeti vya wapishi, alimuuliza maswali ya kawaida, akaandika "marehemu" penye nafasi ya hali ya afya, akagonga muhuri. Saa kumi jioni mama huyo huvua aproni, akaondoka kwa miguu kuelekea mlimani, na alfajiri huwa amekwisha kufika.

Tatizo, Odongo alisema, lilikuwa moja tu. Marehemu haonji. Ulimi wake hauleti habari tena, kwa hiyo lazima mtu amwonjee. "Mi ndiyo namwonjea. Lakini mi nina ulimi wa jela, bwana. Kila kitu kwangu kitamu."

Wahab alirudi Jinja na pikapu yake, na njia nzima hakuwasha redio.

Ramula alikuwa mkubwa wake kwa miaka sita. Mumewe alipokufa alifungua mkahawa katika chumba cha mbele cha nyumba yao Walukuba, akapikia wafanyakazi wa viwandani, akamlea binti yake Swabrah. Watu walikuja kutoka ng'ambo ya mji kwa ajili ya bamia yake. Wahab alikula hapo karibu kila siku, na kwa miaka hakusema neno juu yake redioni. Mwishowe watangazaji wenzake walianza kumtania. Mtu anayesifu jikoni za wote isipokuwa ya dada yake, walisema, bila shaka kuna anachoficha. Na akiisifu, nani atamwamini?

Jumamosi moja ya mwaka 2016 aliisema. Alitaka wasikilizaji wajue kwamba ulimi wake hauna ndugu. Alisema kwamba bamia ya Ramula wa Walukuba haina chumvi, na gurusa yake ni nene kama blanketi. Wiki hiyo alikuwa amekula kwa Ramula mara nne, na mara zote nne aliomba kuongezwa. Simu zilipigwa redioni. Watu walimsifu kwa haki yake. Mmoja alisema kwamba nchi ingekuwa na watu kumi wa namna hiyo ingenyooka.

Ramula alikuwa akipakua chakula, na redio ilikuwa dirishani. Walikuwapo wateja, vinywa vimejaa. Walimaliza kutafuna, kisha mmoja akaomba chumvi. Kesho yake wawili waliomba. Kufikia Ramadhani watu walikuwa wakitia chumvi kabla ya kuonja, kisha wakilalamika kwamba imezidi, na wakaanza kula kwingine.  Kila Ijumaa Ramula alimpelekea ndugu yake bakuli lililofunikwa, kama siku zote, naye Wahab alikula, akaliosha, akalirudisha.

Mkahawa ulifungwa. Ramula alipata kazi ya kupika uji katika shule moja ya Mpumudde, kwa kuni mbichi, kwenye kibanda kisicho na dirisha. Kifua kikaanza. Alipofariki, Swabrah alikuwa mwaka wa kwanza wa masomo ya uuguzi, akayaacha. Sasa anashona sare za shule katika chumba kilekile cha mbele.

Wahab alianza kwenda Mbale kila Alhamisi, friji ziwe zimeharibika au hazijaharibika. Ramula alimkubali jikoni kwa sababu alihitaji mwonjaji. Alimpa kijiko, akamtazama usoni.

"Chumvi je?"

"Imetosha."

"Kweli?"

"Kweli, dada."

Alipakua kwa neno lake. Hakuuliza zaidi, wala hakuzungumza habari za nyumbani isipokuwa siku moja alipotaka kujua kama paa la upande wa choo limezibwa. Wahab alisema limezibwa.

Alhamisi ya nne Wahab alimwomba msamaha. Alisema yote, tangu kutaniwa na wenzake hadi bakuli la Ijumaa. Ramula alikuwa akikata vitunguu, macho makavu.

"Wewe nilikusamehe siku ileile," alisema. "Nilijua umesema uongo, na uongo wako mimi naujua tangu ukiwa mtoto. Lakini wale watu waliamini, Wahab. Waambie wao."

Jumamosi iliyofuata Wahab hakusoma daftari. Alisema redioni kwamba miaka minane iliyopita aliwadanganya wasikilizaji. Bamia ya Ramula ilikuwa na chumvi ya kutosha, gurusa yake ilikuwa nyembamba, na yeye hajala chakula bora kuliko hicho, Jinja wala safarini. Alisema kwamba aliyasema yale ili asifiwe yeye. Aliongeza kwamba dada yake sasa anapika Mbale, njia ya Nkoma, kwenye mabati ya kijani, na asiyeamini aende.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mzee Odero, aliyefanya kazi kiwandani na kula kwa Ramula kila mchana. Wahab alimkumbuka vizuri. Alikuwa akilamba vidole kimoja kimoja, na cha gumba alikiweka mwisho.

"Bwana Wahab, una roho nzuri," Odero alisema. "Kumsitiri marehemu ni jambo jema. Lakini mimi nilikula pale miaka mitatu. Ile chumvi haikuwepo."

Waliofuata walisema vivyo hivyo, kwa upole. Mwanamke mmoja alisema Ramula alikuwa na mkono wa ukarimu, ila si wa upishi. Dereva mmoja alikumbuka hata siku aliyokula, na mvua iliyokuwa ikinyesha, na jinsi ile bamia ilivyokuwa chapwa. Habari za marehemu kupika Mbale hazikumshangaza yeyote. Mmoja aliuliza tu kama huko siku hizi anatia chumvi.

Jioni Wahab alikwenda kwa Swabrah. Alimkuta kwenye cherehani, akitia kola. Alimweleza habari za mama yake, na Swabrah alisimamisha cherehani akauliza kama bado anakohoa. Wahab alisema hakohoi. Swabrah alisema alhamdulillahi. Kisha Wahab alimweleza habari za redio.

"Mjomba, usijisumbue," Swabrah alisema. "Mama alijitahidi sana. Lakini chumvi ilikuwa haitoshi, hata mimi nakumbuka."

Wahab alimkumbusha kwamba alipokuwa mdogo alililia ukoko wa sufuria ile ya bamia, na kwamba mama yake alikuwa akimfichia. Swabrah alicheka kidogo. Alisema mtoto hulilia chochote.

Wahab aliona kwamba dawa ni moja. Alhamisi alimchukua Swabrah kwa pikapu, wakapita Iganga, wakapita mashamba ya mpunga na kinamasi cha Mpologoma, wakafika Mbale kabla ya adhuhuri. Ramula alitoka jikoni, akajibu salamu ya binti yake, akamshika kidevu, akasema amekonda. Vidole vyake vilikuwa baridi na vilinukia vitunguu. Swabrah aliinamisha kichwa, wakakaa hivyo muda, hadi mteja mmoja akaomba maji.

Wahab aliingia jikoni kuonja. Alionja mara tatu, akanywa maji katikati, akaonja tena. Haikupungukiwa na kitu. Ilikuwa bamia ya Walukuba, ileile.

"Je?" Ramula aliuliza.

"Imetosha."

Ramula alimpelekea binti yake sahani kwa mkono wake mwenyewe, akarudi akasimama mlangoni mwa jikoni. Swabrah alikata gurusa, akachovya, akatafuna polepole, kwa uangalifu, kama mtu aliyetumwa kuangalia jambo na hataki kukosea. Alitafuna tonge la pili. Kisha alinyoosha mkono hadi meza ya pili, akavuta kikopo cha chumvi, akanyunyiza. Alionja, akanyunyiza tena.

Odongo alikuwa akifuta meza. Aliacha kufuta.

"Mmoja wenu anadanganya," Ramula alisema kwa sauti ya chini.

"Hadanganyi," Wahab alisema. "Ndivyo anavyoionja."

Ramula aliutazama mkono wake wa kulia, ule anaochotea chumvi, mbele na nyuma. Gurusa ilikuwa ikiungua. Alirudi jikoni akaigeuza.

Njiani kurudi Swabrah alisema mama yake anaonekana vizuri, hata kuliko miaka ile ya mwisho. Wahab alisema ndiyo. Walinunua mananasi Namutumba, wakafika nyumbani kabla ya magharibi.

Siku hizi Swabrah huenda Mbale mara moja kwa mwezi, kazi ya sare ikipungua. Ramula humpikia kwenye sufuria ndogo, peke yake, na humtilia chumvi mara mbili bila kumuuliza Wahab. Swabrah hula akamaliza, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho, na humwambia mama yake kwamba tangu afe amejua kupika. Ramula humjibu kwamba anashukuru. Wahab huketi meza ya pili na sahani yake, na hula chakula chote.