Bandama Haina Mwenyewe

Marieta Wanzagi aliujua mwili wa binadamu kwa majina ya ndugu zake. Ini lilikuwa babu Makongoro, kwa kuwa nyumbani kwao Butiama mbuzi akichinjwa ini ni la babu, ambaye hana jino hata moja na halalamiki. Figo mbili zilikuwa shangazi Sabina na shangazi Rhobi, na hapo hakuhitaji hata kukariri kazi ya figo, maana hakuna neno lililopita katika ukoo ule bila wale wawili kulichuja. Mapafu yalikuwa ya wajomba, watu wa pumzi nyingi wakipewa nafasi ya kuongea. Utumbo ulikuwa wa wake za kaka zake, wenye kazi ndefu isiyosifiwa na mtu. Moyo ulikuwa mama yake, Petronila, ambaye Marieta hakumbuki kumwona amekaa bila kazi mkononi.

Hivyo ndivyo mzee Wanzagi alivyogawa nyama, na baba yake kabla yake, na Marieta alikuwa pembeni ameshika beseni tangu ana miaka saba. Kila kiungo kilitoka mkononi mwa baba yake kikiwa na jina la mtu. Kitabu cha baolojia kilipokuja kumwambia kwamba kila kiungo kina kazi yake, aliona kimechelewa kumpa habari.

Nesi Judith, aliyekuwa akimfundisha, alicheka mpaka akavua miwani siku aliyoambiwa siri hiyo. Kisha akamuuliza maswali ishirini mfululizo, na Marieta akajibu kumi na tisa. Judith akairudisha miwani usoni na hakucheka tena.

Marieta alikuwa mfanya usafi katika zahanati ndogo pale Mukendo, Musoma mjini. Kidato cha nne alikimaliza miaka sita iliyopita, kwa alama zilizotosha kumfikisha mlangoni lakini si kukaribishwa ndani. Chuo cha uuguzi alichokitaka kiko Bunda, na kina mtihani wake wa kuingilia: mwili wa binadamu na sayansi kidogo ya msingi, alama hamsini ndiyo salama yako. Mwaka jana alipata arobaini na nane. Heri angepata ishirini, angelia siku moja akanyamaza. Zile mbili zilimkaa kooni mwaka mzima.

Kaka yake Nyamhanga alikuwa na mashine ya kusaga kule Suguti, na alimwambia nafasi yake ipo, akitaka hata kesho. Marieta akamwahidi kwamba akianguka tena atakwenda, na yeye si mtu wa kurudisha maneno nyuma. Kusaga unga si aibu. Hata wauguzi wanakula ugali. Ila yeye hakuutaka unga. Alitaka kuwa mtu anayeweka mkono juu ya tumbo la mtoto mwenye homa, chini ya mbavu za kushoto, akatulia kidogo, akajua. Alimwona Judith akifanya hivyo wiki yake ya kwanza pale zahanati, na alisimama na fagio mkononi mpaka akaulizwa kama anaumwa.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Walisoma saa nane mchana, wagonjwa wakipungua, nyuma ya zahanati chini ya kamba ya kuanikia shuka. Judith alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno, na hakuwa na subira na mtu anayekariri bila kuelewa. Maji kupita kwenye utando wa chembe hai alimfundisha kwa sato aliyepakwa chumvi, mpaka Marieta akaona jinsi chumvi inavyoyavuta maji ya samaki nje. Joto na mgandamizo akamfundisha kwa sufuria ya maharage na kifuniko chake. Mwili wenyewe hawakuusumbukia sana, kwa kuwa ndugu walikuwa wanajibu vizuri.

Walijibu vizuri isipokuwa mahali pamoja. Judith alimtungia jaribio la kwanza, Marieta akaacha swali la kumi na moja tupu. Jaribio la pili aliacha swali la ishirini. La tatu aliacha la nne. Judith akayapanga makaratasi yote matatu juu ya benchi, akayatazama, akaona kwamba ni swali lile lile limevaa nguo tofauti: kiungo gani kipo juu kushoto tumboni, kinachozivunja chembe nyekundu za damu zilizochoka. Mtu aliyejua mkondo wa mkojo tangu mwanzo hadi mwisho, na vyumba vinne vya moyo na milango yake, hapo alikuwa anapita kama vile swali halipo.

"Hii bandama," Judith akasema, "nyumbani kwenu anakulaga nani?"

Marieta akafikiri. "Hailiwagi, Sista. Tunarushiaga mbwa."

Alipolisema alilisikia. Akakumbuka mtihani wa mwaka jana, na lile swali la alama mbili aliloliacha wazi akisema atalirudia. Akaweka mkono mdomoni. Mwaka wake wote ulikuwa umeliwa na mbwa.

Judith akamwambia basi ampe mtu hiyo bandama, yeyote, mradi ikae. Marieta akampa jirani yao Mseti. Ikakaa siku mbili ikapotea. Akampa Brian, mtoto wa Nyamhanga, ikapotea vilevile. Kichwa chake kilijua kwamba anakidanganya. Hakuwahi kumsikia baba yake akimwita Mseti au Brian kuja kuchukua bandama, na kitu ambacho hakukisikia kwa baba yake hakikumwingia. Katika jaribio la nne nako akaliacha swali hilo tupu, na safari hii Judith akaikunja karatasi akaitia mfukoni, jambo lililomtisha Marieta kuliko kukaripiwa.

Jumapili, siku sita kabla ya mtihani, Brian alipokea komunyo ya kwanza, na Marieta akaenda nyumbani Butiama. Watu walitoka kanisani wakakuta mbuzi ameshachunwa. Mzee Wanzagi alikuwa ameinama juu ya majani ya mgomba, kisu mkononi, shati la kanisani limekunjwa mpaka kwenye viwiko ingawa mkewe alimwomba alivue. Marieta akachukua beseni bila kuambiwa, akasimama mahali pake pa siku zote.

Ini likaitiwa babu Makongoro. Figo zikaitiwa Sabina na Rhobi, wakaja wakiwa wanasema. Kisha mkono wa mzee ukaingia upande wa kushoto, ukabandua kwenye tumbo kitu cheusi, chembamba, kipana kama ulimi, na mbwa aliyelala kando ya kuni akasimama kabla hajaitwa.

"Baba," Marieta akasema, "hiyo ni ya nani?"

"Ya mbwa."

"Kwa nini ya mbwa?"

Wanzagi akaitazama bandama mkononi kama vile ndiyo kwanza anakutana nayo. Akajibu kwamba baba yake alikuwa anamrushia mbwa, na yeye anamrushia mbwa, na mbwa hajawahi kulalamika. Watu wakacheka. Marieta, ambaye kwa kawaida si mtu wa kubishana na baba yake, sembuse mbele ya wageni wa komunyo, akajikuta anaendelea. Akaeleza kwamba damu yote mwilini inapita hapo. Kwamba ile iliyozeeka inavunjwa na kilicho kizuri ndani yake kinatunzwa kitumike tena. Kwamba malaria ikiingia, kiungo hiki kinapigana mpaka kinavimba, na ndicho Sista Judith anachokitafuta kwa vidole kwenye tumbo la mtoto. Alisema yote bila kusita hata mara moja. Alipomaliza, wageni walikuwa wameshika vikombe vya chai bila kunywa.

Shangazi Sabina akameza chai yake, akalichuja jambo kama kawaida yake.

"Na wewe Marieta," akauliza, "fungu lako huwa linaitwaga nini?"

Pengine hakuuliza kwa ubaya. Lakini fungu lenyewe halikuwepo. Mabinti wa nyumba ile walikula vizuri, hakuna aliyelala njaa. Walikula kutoka kwenye sufuria, baada ya wenye mafungu. Majina yao hayakuitwa, kwa sababu wataolewa, na huko waendako wataitwa. Alikuwa ameuzunguka mwili mzima kwa miezi, kiungo kwa kiungo, akiwakuta ndugu zake kila kona, na hakuwahi kugundua kwamba yeye mwenyewe hamo.

"Shule imekuchanganya, mama," Wanzagi akasema, kwa upole tu, na akairusha. Mbwa aliidaka kabla haijagusa chini.

Iliuma. Marieta hakujifanya kwamba haikuuma. Aliosha utumbo mpaka ukawa safi, akawaaga wazee mmoja mmoja, akarudi Musoma na chakula alichofungiwa na mama yake, na wiki nzima Judith akimuuliza habari za nyumbani alimjibu kwamba komunyo ilikuwa nzuri.

Jumamosi akaenda Bunda. Walikuwa zaidi ya mia tatu katika ukumbi wa chuo, wengi wao wadogo kwake, viatu vyao vya shule bado vinang'aa. Mtihani uliandikwa kwa Kiingereza. Marieta alianza taratibu, akiwaita ndugu zake, nao wakaitika. Maswali ya joto na mgandamizo yalimkuta na sufuria yake ya maharage. Swali la thelathini na mbili likataka jina la kiungo kilicho juu kushoto mwa tumbo, na kazi zake mbili.

Safari hii hakupita. Aliuona mkono wa baba yake unaingia kushoto, akamwona mbwa anasimama, akasikia kicheko cha wageni. Akaandika jina. Akaandika kazi mbili walizotaka, akaongeza ya tatu ambayo hawakuitaka, kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi ya chini ikapata alama. Hii ni yangu mimi, aliwaza, na hakuna wa kunirushia mbali hapa. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa na maji, na msimamizi akamuuliza kama anahitaji kutoka nje kidogo. Akasema hapana.

Majibu yalibandikwa baada ya wiki mbili. Waliochukuliwa walikuwa arobaini, majina yamepangwa kwa alama. Jina la Marieta lilikuwa la thelathini na nane, alama hamsini na moja. Judith, aliyeomba ruhusa ya siku nzima ili amsindikize, akaweka kidole juu ya jina hilo kwenye ubao na hakukiondoa upesi. Toa alama mbili za bandama hapo, yeye alipiga hesabu hiyo na Marieta akaipiga.

Nyamhanga ndiye aliyewapelekea wazee habari. Siku ya tatu mzee Wanzagi akapiga simu, akasema Jumapili waje wote, kuna mbuzi. Hakumpongeza. Alisema tu kwamba mbuzi ni dume, na akakata simu kama mtu anayelipia kila neno.

Jumapili hiyo Marieta alimkuta baba yake ameshainama juu ya majani ya mgomba. Alichukua beseni, akasimama mahali pake. Yote yakaenda kama yanavyokwenda. Babu Makongoro akaitiwa ini lake, akalipokea kwa mikono miwili. Sabina na Rhobi wakaja na maneno yao. Mama yake akapewa moyo, akaupeleka jikoni bila kukaa. Kisha mkono wa mzee ukaingia kushoto, ukabandua, na mbwa akasimama.

Mkono ukaenda nyuma wenyewe, kama ulivyozoea miaka hamsini. Ukasimama hapo juu. Wanzagi akaushusha polepole, akajifuta jasho kwa kiwiko.

"Marieta," akaita.

Aliliita kwa sauti ile ile anayowaitia wote, si kubwa wala ndogo, ya mtu anayesoma majina ya wenye haki. Marieta alilisikia jina lake na hakusogea, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika beseni, na tangu akiwa na miaka saba hakuwahi kuhitaji kuliacha.

"Weka beseni chini," baba yake akasema.

Akaliweka. Akaenda mbele, akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili kama babu. Ilikuwa ya moto bado. Mzee akageukia mbavu akaanza kukata.

Marieta aliichoma mwenyewe kwa chumvi pembeni mwa moto. Kusema kweli, si nyama tamu. Ina utelezi, na ladha ya ini lililonuna. Shangazi Sabina aliomba kuonja, akatafuna, akatangaza kwamba sasa anaelewa wazee walikuwa na sababu zao. Marieta aliila huku anatabasamu na machozi yanamtoka, na hakumwambia mtu kwamba ni moshi.

Mbwa alikuja akaketi mbele yake, akamkazia macho kama mtu aliyedhulumiwa. Marieta akamkatia kipande.