Sauti Tu, Fundi

Siku ya mapumziko ya binti ilikuwa moja tu kwa wiki, na hiyo nayo ikaliwa na televisheni. Siku sita alifua na kukunja mashuka ya hospitali. Ya saba angelala kama gogo, kama baba yake asingeanza tena.

"Inakwaruza, mwanangu. Mtu anasoma habari kama anatafuna kokoto."

"Baba, hilo sanduku lina umri wangu. Tununue mpya, nyembamba, ya kutundika ukutani."

"Nitundikwe mimi kwanza! Hii mkono wangu umeizoea. Niitie fundi."

Fundi akaja, mwanamke mcheshi mwenye bisibisi sikioni kama kalamu ya karani. Akaikagua televisheni juu hadi chini.

"Shikamoo, bibi," akaiamkia.

Baba alicheka, akapapasa ubavu wa sanduku, akabonyeza. Sauti ikatoka ikikwaruza. Kioo kilibaki cheusi, na katikati mstari mmoja mweupe, mwembamba kama uzi.

"Mnaona?" alisema, uso kaugeuzia kioo. "Picha safi kabisa. Ugonjwa ni sauti."

Fundi akamtazama binti. Binti akatazama sakafu. Kila jioni alipita moja kwa moja jikoni, akaisikia televisheni kupitia ukuta, akala amesimama, akaenda kulala. Vikombe viwili baba alivivunja mwezi huo, naye akavizoa huku akinung'unika. Shati alilovaa baba nje ndani, binti alilicheka.

"Mbona mmenyamaza kama mko matangani?"

"Spika, mzee. Kazi ya dakika kumi," fundi alisema. "Ila..."

Binti akaketi kando ya baba yake. Miguu ilimwaka moto.

"Ila picha hakuna, baba. Kioo ni cheusi."

Mkono wa mzee ukarudi kwenye kitufe, ukazima.

"Tangu lini?"

"Sijui. Hata mimi sikuwa naangalia." "Ungeniambia habari ya macho, baba."

"Nikuambie saa ngapi? Ukiingia tu naisikia miguu yako ikiburura sakafu. Nikasema, huyu kabeba vya kutosha, nisimwongezee mzigo."

Binti alimshika mkono, wenye makovu mapya madogo ya vikombe.

"Fundi, tengeneza sauti tu," alisema hatimaye. "Ile pesa ya mpya imepata kazi nyingine. Kesho naomba ruhusa kazini, tunakwenda kwa daktari wa macho."

"Na huyo daktari," baba akauliza, "atanitengeneza, au atakuambia ununue mwingine?"

"Wewe spea zako haziuzwi tena, mzee," fundi alisema, akilegeza skrubu ya kwanza. "Utatengenezwa hivyo hivyo."

Binti alicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka, akaegemea bega la baba yake. Kabla skrubu ya nne haijatoka, usingizi ulikuwa umemchukua.

Sauti iliporudi, safi kama maji ya mtungi, mzee alinyoosha mkono taratibu, akaipunguza.