Misonobari Iliyotaga Mayai

Shangazi yangu Puners alikuwa na miaka sabini na moja mwaka ule, na katika milima yote ya Nilgiri, kusini mwa India, hakuwa amepata mtu wa kumshinda maneno. Ndiyo maana Bwana Elangovan alipopanda kijijini kwetu na lori la miche ya misonobari, wazee walimwelekeza kwake na wenyewe wakakaa karibu wasikose kusikia.

Elangovan alikuwa meneja wa kampuni ya kupanda miti, mtu wa bondeni. Alikuja amevaa viatu vyeupe katika kijiji cha Watoda, ambako nyati wa maziwa hujisaidia popote wapendapo.

"Mama," alisema, akiuonyesha mteremko wetu wa malisho, "ardhi hii imekaa bure. Tukipanda misonobari, itavuta kaboni kutoka hewani na kuihifadhi. Dunia nzima itawashukuru."

"Dunia nzima? Hata wale wa mjini Ooti wanaotuuzia mchele wenye mawe?"

"Hata wao."

"Na nyasi hazivuti hiyo kaboni?"

Elangovan alicheka. "Nyasi zina nini, Mama? Hata magotini hazinifiki!"

"Umeziona nusu tu, mwanangu. Nusu nyingine iko chini."

Daktari Thenmozhi alikuwepo. Alikuwa mtafiti wa udongo, na kwa miaka miwili alizunguka milimani na bomba la chuma, akiligongomea ardhini kwa nyundo na kulichomoa likiwa limejaa udongo wa kupeleka maabara. Shangazi akamshika mkono.

"Binti huyu atatuamua. Jumamosi achimbe kwenye nyasi zangu, kisha achimbe kwenye ile misonobari yenu ya zamani ng'ambo ya kijito. Udongo wako ukiwa mweusi kuliko wangu, mche wa kwanza naupanda mimi mwenyewe. Ukishindwa, unatubebea nyasi za kuezekea kutoka kinamasini."

Daktari alijaribu kusema kwamba weusi huonyesha kaboni, lakini rangi peke yake haitoshi. Nani amsikilize? Elangovan alikubali, akavuka kijito na kupigilia kigingi chekundu mahali alipotaka pachimbwe.

Ijumaa mchana, mimi na shangazi tukitafuta ndama aliyetoroka, tuliwaona Elangovan na dereva wake wamechutama penye kigingi, karibu na jiwe kubwa. Walikuwa wamechimba shimo na sasa wakimimina ndani yake mbolea ya takataka za jikoni, magunia mawili, nyeusi kama lami. Walipomaliza walifunika kwa majani makavu.

Nilitaka kupiga kelele. Shangazi akaniziba mdomo kwa shuka lake la tarizi.

"Tulia, Sinadi. Ukimfumania sasa atasema anapanda maua."

Walipoondoka alikwenda akaking'oa kigingi na kukihamishia hatua kumi na mbili mbele.

Jumamosi kijiji kizima kilihudhuria. Kwenye nyasi, bomba lilitoka na udongo mweusi uliosukwa na mizizi, mweusi hivyohivyo mpaka mwisho wa bomba. Tukavuka kijito. Daktari akaliweka bomba penye kigingi.

"Si hapo!" Elangovan alidakia.

"Kwani kigingi si chako?" shangazi akauliza.

"Ni changu, lakini kilikuwa pale. Pale kwenye jiwe."

"Kwenye jiwe kuna nini?"

"Hakuna kitu!"

"Basi achimbe kote kuwili, baba. Usinune."

Penye kigingi ulitoka udongo wa kahawia, mkavu, mwepesi. Penye jiwe ulitoka mweusi tititi, na Elangovan akatabasamu. Daktari akaupasua kwa vidole. Ndani mlikuwa na majani ya chai, maganda ya vitunguu na nusu ganda la yai.

Shangazi alilitwaa lile ganda, akaliinua watu wote walione. "Hongera, mwanangu. Misonobari yako inataga!"

Tulicheka mpaka dereva naye akashindwa kujizuia.

"Nani amehamisha kigingi?" Elangovan alifoka.

"Upepo."

"Upepo gani unaohamisha vigingi?"

"Huohuo unaoleta mayai msituni."

Daktari hakucheka sana. Alimpeleka Elangovan penye visiki vyeusi vya moto wa miaka mitatu iliyopita. "Mti unahifadhi kaboni kweli, kwenye shina," alimwambia. "Ila mlipolima hapa ili mpande, ile ya zamani iliyokuwa udongoni ilianza kutoroka. Moto ukaja ukachukua na ya mashina. Nyasi zikiungua, zinaungua juu tu. Na sijapima shimo moja tu, bwana. Nimepima arobaini."

Elangovan alikubali kushindwa. Kisha akavua viatu vyeupe, akakunja suruali, akaingia kinamasini. Alikwenda safari tatu na mizigo ya nyasi kichwani, shangazi nyuma yake akimkosoa mwendo. Alipomaliza tulimpa wali na mtindi, akala sahani mbili. Lori liliteremka na miche yake yote, na katika ripoti yake aliandika kwamba mteremko ule usipandwe miti. Ya mayai hakuyaandika.

Daktari alipojua ni nani aliyekihamisha kigingi, alinuna siku nzima. Alisema sayansi haifanywi hivyo. Shangazi alimwomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, kisha akauliza kama anaweza kuazima bomba Jumanne, maana jirani yetu alikuwa akijisifu mno kuhusu shamba lake la viazi.