Wino Ndani ya Maji Mekundu

Kwenye maabara yetu wananiita Rangi, maana kwa miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kuchanganya wino mwekundu na kuupitisha kwenye vibomba. Profesa ndiye mwenye vyeti. Mimi ndiye mwenye vidole vyekundu.

Kiwanda kilipotaka kujenga bomba fupi la moshi, sisi ndio tuliopewa kulipima. Mfereji wetu ni wa kioo, urefu wake hatua kumi na mbili. Maji yanayopita ndiyo upepo. Wino unaochomoza kwenye kibomba ndio moshi. Nyuma ya kibomba nilibandika vipande vya mbao, ndizo nyumba za jirani na kiwanda. Ya tatu ilikuwa ya dada yangu.

Mkondo ukiwa mpole, utapenda mwenyewe. Wino unapanda wima, unapindwa, kisha unajigawa mizunguko miwili inayoviringika kila mmoja upande wake, kama ncha za masharubu, na kwenda zake juu kwa juu. Picha za namna hiyo zimejaa ukutani kwa profesa. Mkondo ukiwa mkali ni habari nyingine. Nyuma ya bomba husimama visulisuli vyembamba visivyo na adabu, vinavyonyonya wino na kuushusha hadi chini. Hilo nililijua, na ndiyo sababu jaribio la mkondo mkali lilikuwa kwenye orodha, la mwisho.

Sasa, maji ya mfereji ni yaleyale yanayozunguka. Baada ya majaribio manane huwa yamekuwa mekundu, na sheria ni kuyamwaga na kujaza mengine, kazi ya siku nzima. Ilikuwa Ijumaa, mgongo uliniuma, na profesa alikuwa akinihimiza kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Nikaendesha la tisa, lile la mkondo mkali, hivyo hivyo. Wino mwekundu ndani ya maji mekundu, nani angeona kitu? Nikaandika daftarini: "Nyuma ya bomba hakikuonekana chochote." Sikusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwenye ripoti ya profesa ikawa: "Nyuma ya bomba moshi haushuki." Niliisoma, nikafunika kombe.

Majirani walikuwa hawalitaki bomba lile. Dada akaniuliza jikoni kwake, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyepima. Tukubali?"

"Kubalini tu, dada. Nimepima kwa mikono yangu."

Akaenda mkutanoni, akasimama, akasema mdogo wake hajawahi kumdanganya. Wakakubali.

Bomba lina mwaka wa pili sasa. Upepo ukivuma sana, nguo za dada huingia ndani na masizi, na kifua chake hupiga filimbi. Majirani hawamsalimii tena.

Wiki iliyopita niliumwaga mfereji wote, nikajaza maji safi, nikafungulia pampu hadi mwisho. Dakika haikuisha. Wino ulishuka mgongoni mwa bomba, ukatambaa chini, ukaipita nyumba ya kwanza na ya pili, ukatulia kwenye ya tatu. Nilipiga picha, nikampelekea profesa.

"Picha mbaya hii," alisema. Kisha akafungua daftari langu la zamani. "Na huu mwandiko wa nani? Kama kuna aliyekosea, Rangi, si mimi."

Nilimchukia, na nilimchukia zaidi kwa kuwa mwandiko ulikuwa wangu. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya ni mimi niliyekataa kuyamwaga.

Jana mchana nilikwenda kwa dada na picha mfukoni, nimeazimia kumwambia. Upepo ulikuwa umeanza. Nilimkuta akiziba madirisha kwa matambara, anapumzika kila baada ya dirisha moja.

"Dada, ule moshi..."

"Wamekufikishia na wewe?" akanikatiza. "Waache waseme. Nimewaambia si moshi, mdogo wangu alipima. Hiki ni kifua tu, cha kurithi. Hata mama alikuwa akikohoa." Akanishika mkono. "Na wewe ukapime mapema, umesikia? Damu yetu ni moja."

Lilibaki dirisha moja. Nikachukua tambara, nikaliziba kwa vidole vyangu vyekundu. Picha sikuitoa.