Nusu ya Pili ya Mchimba Visima

Sindano ya shazia ilikuwa imekwisha kupita kwenye tundu la tatu pale fundi cherehani aliposita. Alikuwa amezishikilia nusu mbili za kitabu kifuani, akizibana kwa kidevu kama anavyobana kola ya shati, na desturi yake ilikuwa kutazama namba za kurasa kabla ya kukaza uzi. Nusu ya kwanza iliishia ukurasa wa mia moja arobaini na mbili. Nusu ya pili ilianza na mia moja arobaini na saba.

Alidhani karatasi mbili zimeponyoka. Akainama chini ya meza ya kukatia, akapekua mabaki ya vitambaa, akatazama hadi nyuma ya pedali ya cherehani. Hapakuwa na kitu ila vifungo na vumbi. Ndipo akaketi na kusoma mistari ya juu ya ukurasa ule. Mwanamke mjane alikuwa anakanda unga katika duka lake la mikate lililowahi kuungua.

Kitabu alichokuwa anashona kilikuwa cha mchimba visima.

Akafungua mbele kidogo, akafungua karibu na mwisho. Unga, tanuri, mjane. Hakukuwa na kisima, wala kamba, wala sururu. Akanyanyuka, akaenda kwenye rafu iliyo juu ya majora ya vitambaa, akashusha jozi nyingine ya nusu iliyokuwa ikingoja zamu yake. Ilikuwa imevishwa kitambaa kilekile cha muda, cha buluu, kile cha sare za wauguzi. Nusu ya pili ya jozi hiyo ilianza na ukurasa wa mia moja arobaini na tatu, na neno la kwanza lilikuwa “Kamba.” Akaifunga haraka, kwa sababu kanuni ya nyumba ilikuwa kutochungulia mbele.

Kanuni hiyo walijiwekea yeye, dada mtu, na mdogo wake wa kiume miaka mingi nyuma. Wote wawili waliacha shule kabla ya wakati, wote wawili wakawa na njaa ya vitabu isiyoshiba. Mwanzoni walinunua kimoja na kukigombania, na walishawahi kununiana juma zima kwa ajili ya hadithi ya mwizi wa saa. Juma hilo lilipoisha dada alichukua wembe, akatafuta mahali sura inapoishia, akakipasua kitabu katikati ya mgongo. Mdogo mtu akasoma nusu ya kwanza, akampa dada, yeye akaendelea na ya pili. Wote walipomaliza, dada alizishona nusu pamoja kwa uzi uliopakwa nta, akazivisha ganda la kitambaa, na kitabu kikawa imara kuliko kilivyotoka kiwandani.

Muuza vitabu vilivyotumika hakuwahi kulizoea jambo hilo. Kila alipomwona dada anakuja alikumbatia bidhaa zake. “Mchinjaji amefika,” alikuwa akisema. “Haya, leo anakufa nani?” Na dada alimjibu kwa upole kwamba anayechinja halafu akashona hajachinja, ni daktari.

Kila siku ya kwanza ya mwaka waliketi mezani na kuahidiana. Vitabu kumi na viwili, kimoja kila mwezi, na juu yake kila mtu na nadhiri yake. Mwaka huu dada aliahidi kusoma kitabu kimoja ambacho jalada lake halimpendezi. Mdogo wake aliahidi kutokiacha kitabu njiani, hata kiwe kikavu namna gani. Alikuwa fundi bomba, na wenzake kazini walimwita Profesa, kwa kuwa wakati wao wakivuta sigara kungoja maji yakatike, yeye aliketi juu ya mtaro na nusu yake ya kitabu. Lakini Profesa huyo hakuwahi kufikisha kumi na viwili. Kila mwaka kitu kilimkwamisha: kazi ya mbali, harusi, uvivu wa mwezi wa nane. Mwaka huu, alisema, hata mbingu zishuke.

Mbingu hazikushuka. Aliugua yeye.

Sasa mwaka ulikuwa ukingoni, naye alikuwa amelala chumba cha ndani, nyuma ya pazia linalotenga duka na nyumba. Alikuwa na kumi na kimoja. Asubuhi hiyo alikuwa amemwomba dada yake kitu ambacho hakikuwa desturi yao. “Mchimba visima nishonee leo, dada. Najua hujaisoma nusu ya pili, utaisoma humohumo. Nataka nikione kizima pale rafuni.”

Dada hakuuliza kwa nini leo.

Sasa alikuwa ameketi na shazia mkononi, na hesabu ilikuwa inajifanya yenyewe kichwani. Mdogo wake alikuwa amesoma nusu ya kitabu kimoja na nusu ya kingine. Hakuwa na kumi na kimoja, alikuwa na kumi. Angeweza kunyamaza. Angeweza kufumua, kuunganisha nusu za haki, kuvisha ganda, na kupeleka chumbani kitabu cha mchimba visima kikiwa kimekamilika. Mdogo wake angekishika, angetabasamu, asingekifungua. Macho yalikuwa yanamchosha siku hizi, na kile cha kumi na mbili walikuwa wamekubaliana kwamba dada atamsomea. Nani angejua?

Alijua vizuri makosa yalitokea lini. Vitabu vile viwili alivikata jioni moja, vyote vya kimo kimoja, karatasi zilezile za manjano, majalada ya nyuma yamekwisha kuchanika, akazivisha nusu zote kitambaa kimoja cha muda kwa sababu ndicho kilichokuwa mezani. Siku chache baadaye, mdogo wake alipokuwa amemaliza nusu ya kwanza, daktari alimwita dada pembeni, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya kufanyia usafi, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Dada alirudi nyumbani, akanawa uso, akachukua nusu ya kitabu rafuni, akampelekea mgonjwa huku anatabasamu. Hakuwa ameangalia ni ipi. Siku ile hata kama angepeleka tofali, asingejua.

“Dada,” sauti ilitoka nyuma ya pazia. “Mbona kimya? Umelala juu ya uzi?”

“Nipo.”

“Sisikii mkasi. Nikikusikia hukati, naogopa.”

Akajikaza. Akaufumua uzi, akazichukua nusu zote nne, akalisogeza pazia kwa kiwiko, akaingia. Mdogo wake alikuwa ameegemezwa mito miwili, shati limempwaya kama limeazimwa. Dada akaketi kwenye kiti cha mbao, akaziweka nusu zile juu ya shuka.

“Mdogo wangu, nimekukosea.”

“Umeuza rafu?”

“Sitanii. Hiki kitabu cha mchimba visima. Mwisho uliousoma si wake.”

Akamweleza yote, polepole, bila kujitetea, akimwonyesha namba za kurasa. Mdogo wake alisikiliza, kisha akaichukua nusu ya mjane wa mikate, akaigeuza mkononi. Mabega yakaanza kutikisika. Dada alidhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko kidogo alichobakiwa nacho, kisichoruhusu kifua kuumia.

“Kumbe,” alisema. “Na mimi nikamsifu mwandishi.”

“Ina maana hukuona? Watu wengine, mji mwingine?”

“Niliona. Niliona pia karatasi mbili hazipo. Nikasema, wembe wa dada umezila. Wewe ulikuwa na mambo mengi siku zile, nikaona nisikuongezee.” Akavuta pumzi. “Basi nikazijaza mwenyewe.”

“Ukazijaza vipi?”

“Si unakumbuka sura ilipoishia? Jamaa ameteremka kisimani, mwanawe yuko juu ameshika taa, yule binti mdogo. Nikafungua nusu ya pili, nakutana na mama mtu mzima anaoka mikate. Nikasema, ahaa, huyu ndiye yule binti. Miaka imepita. Baba yake alibaki mle kisimani, na maziko yako kwenye zile karatasi mbili.” Akaifungua nusu ile mahali fulani. “Nikaanza kumtazama vizuri yule mama. Je, unajua kitabu kizima hachoti maji? Kila mara anamtuma mtu. Nikasema, tazama, hajasahau. Mwandishi hasemi, lakini hajasahau.”

Dada alikisogeza kiti karibu.

“Nilikipenda kwa hilo,” mdogo wake aliendelea. “Mtu anateremka, unafungua ukurasa, mkate unaokwa. Hakuna kelele. Nililala vizuri usiku ule, dada. Nikasema, kumbe inawezekana.”

Nje mtu aligonga kaunta ya duka mara mbili, akangoja, akaondoka. Dada hakugeuka. Alikuwa anaitazama mikono ya mdogo wake na kuwaza kwamba kama angenyamaza, angemwachia kitu kile kizima. Sasa alikuwa amekifumua.

“Ningekuacha na mwisho huo,” alisema. “Samahani. Sikujua kama ulikuwa umeshaushona.”

“Hapana. Ungeninyamazia ningekujua tu, ukidanganya unakohoa.” Akaiweka nusu ile kando. “Sasa hesabu yangu ni ngapi?”

“Kumi. Na nusu mbili.”

“Nusu na nusu si kimoja?”

“Nusu ya mbuzi na nusu ya kondoo, mdogo wangu, utampeleka malishoni mnyama gani?”

Akacheka tena, mpaka dada akamshika bega kumwomba aache. Kilipotulia kifua, aliitazama dari.

“Daktari alikwambia siku ileile,” alisema. “Siku uliyoniletea nusu ya mikate.”

Dada alitazama sakafu.

“Na mimi aliniambia. Ulikwenda dirishani kuchukua dawa, nikamuuliza. Nikamwomba asikwambie kwamba najua.” Akamgusa mkono. “Usinune. Tumekula sahani moja ya kufichana, hakuna anayemdai mwenzake.”

Machozi yalimtoka dada bila sauti, akayapangusa kwa ncha ya futi ya kitambaa iliyokuwa inaning'inia shingoni. Yapo mambo ambayo walikuwa wamejitayarisha kuyasema siku hiyo ikifika, kila mmoja peke yake, na sasa ilipofika hakuna aliyeyakumbuka.

“Kwa hiyo hakufa?” mdogo wake aliuliza.

“Nani?”

“Mchimba visima.”

“Sijui. Mimi nimeishia hapohapo ulipoishia.”

“Hukuchungulia?”

“Neno moja tu. Kamba.”

“Kamba.” Akalionja neno lile. “Basi bado yuko kisimani, dada. Wiki zote hizi tumemwacha mle, na mimi nimeshamzika. Soma.”

Dada akaichukua nusu ya pili ya haki, akaifungua juu ya goti. Sauti yake haikuwa ya kusoma, ilikuwa ya kuhesabu inchi, na mwanzoni ilikwaruza. Kamba ilikuwa imetulia. Waliokuwa juu waliivuta, ikaja nyepesi. Binti aliinamisha taa ukingoni akaita, na kisima kikamrudishia jina la baba yake likiwa limelowa.

“Usikimbie,” mdogo wake alisema, macho yamefumbwa. “Koma imewekwa hapo kwa kazi.”

Akapunguza mwendo. Wanaume walibishana juu ya nani ateremke. Mmoja alikuwa na watoto wengi, mwingine alikuwa na deni la ujana kwa mchimba visima, na ubishi wao ulikuwa mrefu na wa kuchekesha kidogo, wa watu wanaoogopa. Mwisho aliyeteremka alikuwa kaka wa mchimba visima, ambaye hawakuwa wakisemeshana naye. Dada alisoma jinsi alivyojifunga kamba kiunoni, jinsi mwanga ulivyozidi kuwa mdogo juu ya kichwa chake, jinsi mguu wake ulivyotafuta mahali pa kukanyaga ukakuta udongo laini. Akasimama huko chini, akashusha pumzi, akanyoosha mkono gizani.

“Hapo,” mdogo wake alisema. “Ishia hapo.”

“Zimebaki kurasa mbili sura iishe.”

“Najua. Nimesikia unavyoharakisha. Ukinimalizia leo, kesho nitaamkia nini?”

Dada aliishika karatasi kwa kidole gumba na cha shahada, tayari kuigeuza, akaiachia.

“Na vitabu viwili vilivyobaki?” aliuliza. “Huyu na yule wa mikate? Nusu ya kwanza ya mjane hujaigusa.”

“Huyu kwanza. Wa mikate namjua anavyoishia, hana haraka.” Aliunyoosha mkono, akaivuta nusu ile kutoka gotini mwa dada yake, akailaza juu ya shuka ikiwa wazi palepale, akaweka kiganja juu. “Na usiende mbele bila mimi.”

“Siendi.”

“Umekohoa?”

“Sijakohoa.”

“Asubuhi, basi. Kabla ya wateja.”

“Kabla ya wateja.”

Hakukawia kusinzia. Dada alisikiliza pumzi yake mpaka ikapata mwendo, kisha akatazama kitabu. Chini ya kiganja kile palikuwa na mistari michache, na nyuma ya mistari ile, upande wa pili wa karatasi, palikuwa na jibu. Mkono ulikuwa mwepesi siku hizi. Ungenyanyuliwa na kurudishwa, mwenyewe asijue.

Yule mteja aliyegonga akarudi kauntani, akiuliza kama fundi yupo na kama sare zake ziko tayari. Dada akainuka taratibu, akavuta shuka lifike kifuani bila kuugusa mkono ule, akatoka kwenda kumwambia mteja apitie kesho mchana.