Mshikaji wa Efrén Olivas

Ijumaa, ukumbi ukiwa bado haujajaa, Shangazi Lorraine alikuwa akichovya sangara wadogo wa ziwani kwenye rojo la unga na bia na kuwatumbukiza kwenye mafuta, na mtangazaji Gus Maranto akigonga kipaza sauti kwa ukucha na kusema "moja, moja, moja," maana hakuwahi kufika mbili. Kila Ijumaa ya msimu redio ya Port Harlan hutangaza mechi ya Jumapili kabla haijachezwa, kutoka ukumbini humo, watu wakiwa na mafuta midomoni. Safari hii mechi ilikuwa ile yenyewe: Wavunja Barafu wa Port Harlan dhidi ya Wachimba Chumvi wa Cadell, miji miwili inayotazamana ng'ambo ya ghuba bila kusalimiana.

Kiti cha mgeni alikikalia Denny Prokop, mstaafu mwenye nywele bado nyingi. Alikuwa mshikaji. Katika futiboli ya Kimarekani mshikaji ni yule anayepiga goti, akaudaka mpira unaorushwa kutoka mbele na kuusimamisha kwenye nyasi kwa ncha ya kidole, ili mpigaji aje mbio aupige upite kati ya milingoti. Mpira wenyewe una umbo la yai, na upande mmoja una mshono wa kamba nyeupe. Mshikaji anatakiwa auzungushe upesi, mshono utazame milingoti. Mshono ukimtazama mpigaji, mguu unakutana na kamba badala ya ngozi, na hapo mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Kazi nzima inakwisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Denny aliifanya miaka tisa, mpigaji wake akiwa Efrén Olivas wa El Paso. Alikuwa mshikaji wake uwanjani, na nje ya uwanja alikuwa mshikaji wake vilevile: alimsimamia harusi, na binti wa Efrén alimwita baba mdogo.

"Haya, wana wa barafu!" Gus alifungua kipindi. "Tuanze na hali ya hewa. Upepo unatoka ziwani, theluji inakuja kesho, na mpira umeshuka mpaka usawa wa taa."

Mpira huo ulikuwa wa mwaka jana. Wachimba Chumvi walikuwa wakiongoza kwa pointi moja, muda umekwisha, na Efrén akapiga. Mpira ukapanda, ukayumba kushoto, ukasimama hukohuko juu. Mwamuzi aliungoja mpaka shingo ikamuuma, akafungua kitabu cha sheria, akapuliza filimbi: mpira ambao haujapita kati ya milingoti hauna pointi. Wavunja Barafu wakahesabiwa wameshindwa na watu wakaenda kutafuta magari yao. Tangu siku hiyo mpira ulikaa juu ya uwanja, wima, kama vile kuna kidole kimeushika bado. Shakwe wawili waliufanya kituo. Barafu iliuvaa na haikuyeyuka hata Julai, kwa hiyo ukiwa chini ulikuwa unauona kama balbu iliyoungua. Marubani waliambiwa waupishe, wakaupisha. Sasa, wiki ya marudiano, ulikuwa umeanza kuteremka taratibu, kama mzee kwenye ngazi.

Efrén alifukuzwa kazi siku iliyofuata ile mechi. Kwa kuwa mpira ulikwenda kushoto, watu walirusha viatu vya kushoto kwenye mti ulio mbele ya nyumba yake, mpaka tawi moja likakatika. Binti yake aliulizwa darasani kama baba ana miguu miwili. Familia ikahama. Wapangaji waliowafuata bado wanapata viatu hivyo. Mume anasema saizi ni yake kabisa, ila analalamika hakuna anayerusha cha kulia.

Na Efrén hakusema neno. Mpigaji hamtaji mshikaji wake. Sheria hiyo haimo katika kitabu cha mwamuzi, labda ndiyo sababu inafuatwa.

Denny ndiye aliyejua. Mpira ulipofika mikononi mwake siku ile, alikuwa ameinua macho kuitazama skrini kubwa ya uwanjani, aone kama anaonekana. Alikuwa anaonekana, tena vizuri. Aliporudisha macho chini mpira ulikuwa umesimama tayari, mshono ukimtazama Efrén usoni, na Efrén alikuwa ameshaanza kukimbia.

"Ulinzi wao ni ukuta," Gus alikuwa akisema, "lakini mrushaji wao ana bega bovu. Akirusha mbali, bega linalia kama mlango. Je, tuna mtu wa kumfikia?"

"Hamna!" alipiga kelele jamaa mmoja wa Cadell aliyeoa Port Harlan, na ambaye kwa kosa hilo hukalishwa karibu na mlango wa choo. "Na safari hii leteni mpigaji mwenye macho! Ama mmemwambia naye apige kuelekea mbinguni?"

"Wewe kula samaki wako, shemeji. Mkeo anakuonea huruma, sisi bado."

Ukumbi ukacheka. Gus akamgeukia mgeni. "Denny, kaka yangu. Wewe ulikuwa pale chini, pua kwenye nyasi. Mpira ukitua Jumapili, tutegemee nini?"

Denny alikuwa ameyapanga maneno tangu mpira uanze kushuka. Aliweka uma chini.

"Barafu ikitoka mtaona mshono," alisema. "Utakuwa unatazama nyuma, kwa Efrén. Mimi ndiye niliyeuweka hivyo. Nilikuwa naangalia skrini. Efrén aliupiga vizuri. Kosa ni langu, lote."

Hata mafuta ya Shangazi Lorraine yalipunguza kuchemka. Kisha Gus akavua kofia.

"Mmesikia?" alisema, sauti imemlegea. "Mmemsikia huyu mtu? Mwenzake ameuharibu mchezo, ametuharibia mwaka, na huyu anainama kumbebea mzigo! Huo ndio ungwana wa Port Harlan, jamani!"

"Si mzigo wa kubeba, Gus. Nasema kweli."

"Anaendelea! Anaendelea kumtetea!"

Watu walisimama. Makofi yalipigwa kwa mikono yenye mafuta. Mwanamke mmoja alilia ndani ya kabichi yake. Hata jamaa wa Cadell alitoka mlangoni pa choo akaja kumpa mkono. Shangazi Lorraine alileta sahani nyingine, ya bure, akamfinya Denny shavu. "Mama yako alikulea, mwanangu. Yule Olivas hakustahili rafiki kama wewe."

Denny alijaribu mara ya tatu, lakini tangazo la matairi ya theluji lilikuwa limeshaanza.

Kesho yake asubuhi klabu ilimpigia. Wamemsikia redioni, wameguswa. Mpira ukitua kabla ya mechi, kama ilivyotazamiwa, wangependa aupokee yeye, katikati ya uwanja, mbele ya watu wote.

Akampigia Efrén. Kule El Paso kulikuwa na jua; alilisikia kwenye sauti.

"Nimesema," Denny alimwambia. "Jana, redioni. Nimesema yote."

"Umesema?" Efrén aliuliza. "Halafu?"

"Walipiga makofi."

"Kwa nani?"

"Kwangu. Na kesho wanataka niupokee mpira mimi."

Kulikuwa na mtoto upande ule, akiuliza nani anapiga simu. Efrén alifunga mlango.

"Walikununulia bia?"

"Walininunulia."

"Ukanywa?"

"Si zote."

Efrén alicheka, na Denny angependa zaidi kama angetukana. "Sikia, Denny. Kuna timu huku magharibi inataka mpigaji. Kocha wao ameniambia wazi: hawezi kumchukua mtu aliyekosa ule mkwaju, wenye timu watamla nyama. Lakini kesho anautazama ukishuka. Akiona mshono ulikuwa nyuma, Jumatatu naingia kambini. Haihitaji maneno tena. Uinue tu kama ulivyokuja."

"Nitauinua kama ulivyokuja."

"Najua. Wewe ni mshikaji wangu."

Jumapili theluji ilianguka ya kutosha. Kwenye maegesho watu walichoma soseji nyuma ya magari yao na kubishana kama mpira ukitua kati ya milingoti utahesabiwa kwa mwaka jana au kwa mwaka huu. Chama cha ligi kilikuwa kimeshajibu kwamba hautahesabiwa kwa mwaka wowote, lakini ubishi ulikuwa na joto na soseji zilikuwa nyingi.

Denny alitembea mpaka katikati ya uwanja. Alipiga goti pale pale alipopigia mwaka jana. Hakuambiwa apige goti; ndivyo alivyozoea kupokea. Mpira ulikuwa juu ya kichwa chake, ukishuka bila haraka, shakwe wawili wakiwa wameukalia. Ulipofika usawa wa bega, barafu ilipasuka na kuanguka vipande, na ngozi ikatokea, kavu, ina joto la Desemba iliyopita na alama ya kiatu cha Efrén. Mshono ulikuwa nyuma. Kamba nyeupe zilitazama mahali aliposimama Efrén, mahali ambapo sasa hapakuwa na mtu. Denny aliuona kwa macho yake mawili, na kifua chake kikawa chepesi.

Akanyoosha mikono. Kamera zote zilikuwa mbele yake, na watu wote walikuwa wameacha kutafuna.

Mpira ulipogusa viganja, uwanja ulinguruma, na Denny akainua macho kuitazama skrini kubwa.

Alikuwa anaonekana. Alionekana akiwa amepiga goti kwenye theluji, uso umetulia, mpira umesimama chini ya ncha ya kidole chake. Na kwenye skrini, kwa ukubwa wa nyumba, mshono ulikuwa unatazama mbele. Ulikuwa unatazama milingoti, umenyooka, safi, kama wa kwenye kitabu cha mafunzo.

Aliangalia chini. Vidole vilikuwa vimeshamaliza. Viliuzungusha mpira kwa namna ile ile vilivyouzungusha miaka tisa, isipokuwa siku moja, na havikumwuliza.

"Mshono mbele!" Gus alilia kwenye kipaza sauti, na spika zote za uwanja zikalia naye. "Mmeona wenyewe, jamani! Mshono ulikuwa sawa siku zote! Denny Prokop, muungwana, ulitaka kutudanganya kwa upendo!"

Denny aliurudisha mshono nyuma kwa mikono yote miwili, akapaza sauti, akasema haukuwa hivyo, ameugeuza sasa hivi. Midomo yake ilionekana vizuri kwenye skrini. Watu walifikiri analia, wakampungia.

Mpira uliwekwa kwenye kabati la kioo karibu na lango la kaskazini, mshono mbele, na mechi ikaanza. Bega la mrushaji wa Cadell lililia kama mlango. Shakwe wale wawili walirudi juu wakakaa palepale walipozoea, ingawa sasa hapakuwa na kitu cha kukalia, na rubani mmoja akawapisha.

Denny alikuwa kwenye viti vya wageni wa heshima, blanketi la klabu magotini, simu yake ilipotetemeka. Ujumbe ulikuwa wa Efrén.

"Nimeona. Vidole bado vyepesi, mshikaji."

Denny alianza kuandika jibu. Aliandika refu, lenye kila kitu, akalisoma, akalifuta. Aliandika lingine fupi, akalifuta nalo. Mtu wa kiti cha nyuma alimgonga begani akamletea bia. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia akamtumia Efrén kidole gumba, kile cha njano, kilichosimama.